Chaguo la Tano

Kambi ya Barabara, Mikumi
Jumapili, 14 Julai 2024

Mwanangu Coletha,

Leo ni miezi kumi na moja tangu nitoke Rudewa. Nilihesabu kwa vidole nikapata kumi, nikarudia nikapata kumi na moja.

Hujambo? Mimi mzima, ila mgongo. Kazi yangu kwa sasa ni kushika kibao cha kusimamisha magari, upande mmoja kimeandikwa simama, upande wa pili nenda. Nasimama toka asubuhi mpaka jioni, watu wananitukana dirishani na vumbi nakula bure. Juzi tembo walivuka nyuma yetu, foleni ikawa ndefu, dereva mmoja wa basi akaniuliza kama na hao tembo wana mtu wao wa kibao. Simu yangu iliangukia kwenye pipa la lami ya moto mwezi wa tano, sijanunua nyingine, ndiyo maana sisikiki. Barua hii inaletwa na Valentino, dereva wa lori la kokoto, anayepita Kilosa kila wiki. Nimemwambia akukabidhi mkononi, lakini najua itapitia kwa matroni wa hosteli. Matroni, habari za kazi? Ukimaliza kusoma mpe mwenyewe.

Mama yako amenitumia habari kupitia kwa huyo huyo Valentino, kwamba kidato cha nne mnajaza fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano na sita, na anayewasimamia ni Mwalimu Fortunatus. Nilimuuliza mara tatu, Fortunatus yupi? Akasema yule yule, mtoto wa Stefano jirani yetu.

Coletha, unajua mimi na Stefano tulivyoachana. Wapimaji walipokuja kugawa kijiji, huku mashamba, huku malisho, waliweka kigingi cha zege kati ya shamba lake na malisho yetu. Waliporudi kupima mara ya pili wakasema kigingi kimesogea, na baraza likasema aliyekisogeza ni mimi. Tukatolewa kwenye lambo tulilokuwa tunanyweshea. Ng'ombe bila maji utawafanya nini? Nikauza wote, nikaja huku. Nimeshasema na ninarudia: wapimaji wale walikula na Stefano. Na kuna mtu alipeleka maneno. Sijamjua bado.

Sasa mtoto wa mtu huyo ndiye akushikie kalamu? Ninasikia anakufundisha hisabati baada ya vipindi, bure. Bure kwa nini? Mtu wa kwao ampe binti wa Msukuma kitu kizuri kwa mapenzi gani? Usimwonyeshe unachokitaka. Kama kuna kitu unakitaka kweli, usikiandike cha kwanza. Juu andika kitu usichokijali, wahangaike nacho wao. Chako kifiche mwishoni kabisa.

Nijibu kwa Valentino.

Baba yako,
Mashauri Shimba


Hosteli ya Wasichana, Kilosa
4 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Barua imefika siku kumi baada ya tarehe yake, bahasha ikiwa wazi. Matroni anasema kazi ni njema, na kwamba mwandiko wako unasomeka.

Mimi sijambo. Mama alikuja siku ya wazazi, naye hajambo. Siku hizi anakwenda Kilangali kufanya kibarua kwenye mashamba ya mbegu. Alisema nisikuambie.

Baba, naomba nikueleze fomu ilivyo. Ina nafasi tano za tahasusi. Tahasusi ni masomo matatu yanayokwenda pamoja, kwa mfano Historia, Kiswahili na Kiingereza wanaita HKL. Unapanga kuanzia ya kwanza mpaka ya tano. Mwalimu Fortunatus alisimama mbele ya darasa akasema wanaopanga wanafunzi wanaanza kuangalia ya kwanza. Wakiona matokeo yako yanatosha na nafasi ipo, wanakupa hiyo hiyo, kule chini hawafiki. Akasema, "Msiniletee utani hapa. Unachokitaka kiandike juu."

Sasa nikikificha chini, si nitakuwa nimekikosa? Nakuuliza kwa heshima.

Kuhusu hisabati ya jioni, tuko kumi na wawili. Siko peke yangu.

Hujaniuliza ninataka kusoma nini. Labda ni vizuri hivyo. Fomu zinarudishwa mwisho wa Septemba.

Mwanao,
Coletha


Kambi ya Barabara, Mikumi
1 Septemba 2024

Coletha,

Hujambo mwanangu? Lori la Valentino lilivunjika springi likalala Kilosa wiki mbili, barua yako nimeipata juzi inanuka dizeli.

Mama yako kwenda Kilangali, nimesikia. Mwambie asiiname sana.

Umeandika mko kumi na wawili. Mimi ningeshangaa kama ungekuwa peke yako. Mwenye lake jambo hawezi kukuita wewe tu, atajaza na wengine usishtuke.

Unakumbuka nilivyokupeleka mnadani ukiwa darasa la nne? Nilimtaka yule mtamba mwenye mabaka. Asubuhi nzima nikawa nauliza bei ya maksai mmoja aliyekuwa anachechemea. Nikamkagua meno, nikamsukuma, nikamsimanga mbele ya mwenyewe. Yule mtamba sikumgusa hata kwa macho. Ukanivuta shati: "Baba, si tumekuja kwa yule mwenye mabaka?" Nikakufinya. Jioni tulirudi na nani? Na yule mtamba, kwa bei ya huruma. Babu yako alifanya hivyo huko Usukumani, na baba yake pia. Hata mgeni akituuliza tuna ng'ombe wangapi, ataambiwa wapo wapo. Hatuonyeshi. Mwalimu kusema wataangalia cha juu si ajabu, muuzaji naye huwa anaapa kwamba bei yake ndiyo ya mwisho.

Hapa kambini nakaa chumba kimoja na jamaa wa Tukuyu, Ulimboka. Jana aliniambia, "Mashauri, wewe hata ukipewa chai unamwangalia kwanza aliyeikoroga." Nikamwambia ndiyo sababu sijawahi kuharisha toka nifike, na yeye kila wiki anatafuta vidonge.

Umesema sijakuuliza unataka nini. Sikuuliza kwa kuwa barua inapita mikono ya watu. Lakini mbona na wewe hukusema? Umeandika "labda ni vizuri hivyo" ukaishia hapo. Vizuri kwa nani? Kuna mtu amekuambia usiniambie? Nimeusoma mstari ule mara nyingi na bado haujanipendeza.

Fanya nilivyokuelekeza.

Baba yako,
Mashauri


Hosteli ya Wasichana, Kilosa
29 Septemba 2024

Shikamoo baba.

Mama anakusalimu. Mwambie Valentino asiiweke barua chini ya kiti tena, safari hii matroni alilalamika harufu.

Nimefanya ulivyosema. Juu nimeandika HKL. Ya pili, ya tatu na ya nne nimenakili kwa Winnie tunayekaa naye dawati moja. Yangu ni ya tano.

Mwalimu Fortunatus aliniita ofisini. Mlango ulikuwa wazi na Mwalimu Regina alikuwepo anasahihisha madaftari, najua utauliza.

"Coletha, fomu hii umejaza wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"HKL? Wewe ambaye insha zako za Kiingereza zinatia huruma?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hii ya tano? Imetelezea huko chini kwa bahati mbaya?"

"Hapana, mwalimu."

Aliitazama fomu. Halafu akauliza, "Mzee Mashauri yuko wapi siku hizi?" Nikasema yuko Mikumi, kwenye barabara. Akasema, "Aha," akagonga muhuri. Sijui ile "aha" ilikuwa ya nini.

Umeuliza kama kuna mtu ameniambia nisikuambie. Hakuna. Sitaki tu kusema.

Mtihani unaanza Novemba. Utuombee.

Mwanao,
Coletha


Kambi ya Barabara, Mikumi
9 Februari 2025

Coletha,

Mwaka umegeuka. Mwaka mmoja na nusu sasa tangu nitoke nyumbani, na miezi minne sijaona mstari wako. Natumaini mko wazima wewe na mama yako. Mimi nilipatwa malaria wakati wa Krismasi, imepita.

Matokeo tumeyapata kwenye simu ya Valentino. Aliyasoma kwa sauti, kambi nzima ikasikia: daraja la kwanza, Hisabati A, Jiografia A, Fizikia B. Watu wakanibeba juu juu na matope yangu. Ulimboka akasema, "Ashukuriwe Mungu, mtoto amefuata akili ya mama yake." Nilifurahi kutoka asubuhi mpaka saa sita mchana.

Baada ya hapo nikaanza kuwaza. Mtu wa Hisabati, Fizikia na Jiografia, pale chini kabisa aliandika nini? Nikamuuliza Valentino, masomo hayo matatu ni ya kazi gani? Akasema ni ya wahandisi, ya marubani, ya wapimaji wa ardhi. La mwisho alilisema anacheka, hajui chochote. Mimi sikucheka. Niandikie kwamba si kweli.

Sasa uko nyumbani, hakuna matroni. Kwa nini umenyamaza? Kuna kitu unakijua? Au mama yako ndiye anayekijua, na mmekaa mnakiongea bila mimi?

Wamenitoa kwenye kibao. Nimepelekwa kumshikia rula mpimaji wa barabara. Sikuomba.

Baba yako,
Mashauri


Rudewa
6 Aprili 2025

Baba, shikamoo. Pole kwa malaria.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Mama mzima. Mvua zimetufikia, mahindi yamesimama. Mzee Stefano hupita asubuhi akasalimia, na mama humwitikia.

Ndiyo, ni upimaji wa ardhi. Tahasusi yangu ya tano ni PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati. Naitaka tangu wapimaji walipokuja kijijini.

Sasa naandika lile jingine. Siku ile mama alinituma nikuletee uji malishoni. Ilikuwa saa saba mchana, watu wote walikuwa wamekwenda msibani Chanzuru. Nilikukuta na sururu. Ulikuwa umeshakichimbua kigingi, umekibeba kifuani kwa mikono miwili. Nilijibanza nyuma ya kichuguu. Ulipoondoka nikahesabu hatua kutoka shimo la zamani mpaka jipya. Zilikuwa kumi na nne. Uji nikaumwaga, nikamwambia mama umekunywa.

Sikumwambia mtu, baba. Sikumwambia mama, wala baraza, wala mwalimu. Na muda wote huu unasema kuna mtu alipeleka maneno, na kabla hujaondoka kila ukisema ulikuwa unanitazama mimi.

Wapimaji waliporudi nilikuwa nimesimama na watoto wenzangu. Waliweka kile chombo chao cha miguu mitatu, wakachungulia, wakaandika, wakachungulia tena. Halafu mmoja akasema, "Hiki kimesogea mita kumi." Hakumuuliza mtu. Hata Mzee Stefano alikuwa bado hajafika. Nilitaka kujua wamejuaje. Mpaka leo ndicho ninachotaka kwenda kusoma.

Mfumo wa kubadilisha machaguo umefunguliwa, unafungwa tarehe 30 mwezi huu wa nne. Ndani ya siku hizi unaingia na namba yako ya mtihani, unapanga upya. Baada ya hapo basi. Mwalimu Fortunatus alikuja mpaka hapa nyumbani na pikipiki kutuambia. Alisema, "Ukiacha hivi ulivyoandika, mwezi wa saba uko darasa la lugha, na mimi sitakuwa na la kukusaidia." Mama alimkaribisha ugali, akala.

Kesho ningeweza kwenda Kilosa mwenyewe nikabadilisha. Siendi. Nilificha kwa neno lako. Nikifichua kimya kimya utasema na mimi nimekuzunguka, na utanitazama vile mpaka nizeeke. Nataka uandike kwa mkono wako kwamba nikasomee upimaji. Usipoandika nitakwenda kusoma lugha, sitakulaumu mbele ya mtu.

Mwanao,
Coletha


Kambi ya Barabara, Mikumi
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mwanangu Coletha,

Natumaini mmesali salama wewe na mama yako. Huku tumepewa mapumziko ya leo na kesho. Ulimboka amepika wali akaunguza, tumekula hivyo hivyo.

Barua yako niliipata tarehe kumi. Siku kumi nimetembea nayo kwenye mfuko wa koti la kazi. Nisikufiche, siku ya kwanza nilikasirika. Nikasema, kumbe ni yeye. Nikarudia pale ulipoandika hukumwambia mtu, nikasema anadanganya. Nikaikunja barua.

Kuna jambo hulijui. Siku ile ya kigingi nilirudi jioni kukanyagia udongo, nikakuta uji umemwagika nyuma ya kichuguu. Nikajua kuna mtu aliniona, na uji ule ulitoka kwangu. Kwa hiyo wapimaji waliposema kimesogea, sikuhangaika kumtafuta mbali aliyepeleka maneno. Ndiyo maana nilikuwa nakutazama. Nilimtaja Stefano mbele za watu, lakini moyoni nilikutaja wewe. Mtu akikaa na mwanawe nyumba moja anamdhania hivyo, bora aende akashike kibao barabarani. Nilikwambia nimekuja huku kwa sababu ya ng'ombe. Ni nusu tu.

Sasa nikueleze kilichotokea Jumatano. Mpimaji wetu ni binti anaitwa Agatha, hajakupita miaka mingi. Kazi yangu ni kusimamisha rula ndefu juu ya alama aliyochora chini, na yeye anakaa mbali anachungulia kwenye chombo. Nikaamua kumjaribu. Alipoinamia daftari lake, nikaisogeza rula upana wa kiganja nje ya alama, pale udongo ulipobonyea kidogo. Nikasimama wima kama askari. Akachungulia, akainua kichwa, akachungulia tena.

"Mzee Mashauri! Rudisha rula!"

"Iko pale pale!"

"Haipo. Imeshuka."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie, na mwenye rula ni wewe? Rudisha baba, jua linatuchoma."

Ulimboka alikuwa anachimba mtaro pembeni. Alicheka mpaka akakaa chini. "Umekamatwa, Msukuma," akasema. Mimi nilirudisha rula juu ya alama.

Hakuna aliyepeleka maneno, Coletha. Chombo kiliona. Mwaka mmoja na miezi minane nimemtafuta mtu ambaye hayupo.

Kigingi nilikisogeza mimi. Niliona lambo litabaki upande wa shamba la Stefano, nikapata wazimu. Nasema hatua kumi na tano, wewe unasema kumi na nne. Yako ndiyo sahihi, mimi nilikuwa nimebeba mzigo. Wapimaji hawakula na mtu, na Stefano hakumhonga mtu. Na ile "aha" ya Mwalimu Fortunatus nadhani naielewa. Aliona fomu imepangwa kwa akili yangu. Bado akaja kwa pikipiki.

Umetaka neno kwa mkono wangu. Hili hapa. Mimi Mashauri Shimba, baba yake Coletha, nataka mwanangu akasomee upimaji wa ardhi. PGM aiandike ya kwanza. Nisingependa, lakini nataka. Utanielewa.

Valentino anaondoka kesho, na nimemwomba asiishie Kilosa, akuletee mpaka hapo Rudewa. Ukiipata tu, nenda mjini na mama yako mkabadilishe, msiningoje mimi. Mtandao ukisumbua siku ya kwanza, rudini siku ya pili. Wakupe karatasi yenye mpangilio mpya, uisome mstari kwa mstari kabla ya kuondoka dirishani. Wewe sikushuku. Nashuku mashine na yule anayebonyeza.

Nimeomba ruhusa kwa msimamizi, amenipa siku nne. Jumamosi tarehe 26, siku ya Muungano, nitakuwa Rudewa kabla ya saa sita mchana. Mwambie mama yako asishangae akisikia nimefika kijijini na nyumbani sijaonekana. Nitaanzia kwa Mzee Stefano.

Baba yako,
Mashauri Shimba